Upweke wa anayekumbuka

Umeuliza kama The Memory Police ya Yoko Ogawa (1994) ni riwaya ya udikteta tu. Hapana, ndugu yangu. Askari wanaowasaka wasiosahau wanatisha kweli, lakini kinachouma zaidi ni jinsi watu wenyewe wanavyozoea: kisiwani mwao vitu vinatoweka kimoja baada ya kingine, pamoja na kumbukumbu zake, na maisha yanaendelea. Rudia sura ya kwanza, pale mama anapomfungulia bintiye kichupa cha manukato, kitu kilichokwisha kufutwa. Mtoto ananusa, harufu anaipata, ila haimgusi popote. Mama anakumbuka yote na hana wa kukumbuka naye. Kwangu mimi upweke wa kitabu kizima uko hapo, kuliko hata kwenye chumba cha siri anamofichwa mhariri wa msimulizi, ambaye naye hasahau.