Unatafuta springi za minibaiki ya zamani? Anza na vipimo

Andika mtandaoni "springi za Rupp", chapa ya zamani ya minibaiki, uone utakacholetewa: picha za springi zilizokwisha kuuzwa, springi zenye kutu zilizopandishwa bei hadi zinatia kizunguzungu, na watu wanaouliza swali lako hilohilo bila kujibiwa. Wengi huishia hapo, na kipikipiki kinarudi nyuma ya gereji kufunikwa turubai.

Mimi nakaa Columbus, Ohio, na Rupp ni mali ya jimbo hili. Kiwanda kilikuwa Mansfield, kaskazini kidogo ya hapa. Mwenye kampuni, Mickey Rupp, alikuwa pia dereva wa magari ya mbio, na mwaka 1965 alimaliza wa sita kwenye Indianapolis 500. Kwa ndugu zangu wa nyumbani ambao hamjawahi kuiona minibaiki: ni pikipiki fupi yenye vitairi vinene na injini ya jamii ya mashine za kukata nyasi, mara nyingi Tecumseh au Briggs & Stratton. Mtu mzima akiikalia, magoti yanakaribia usukani. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Marekani walizipenda sana, kisha biashara ikaporomoka na kampuni nyingi zikafungwa, Rupp ikiwemo. Duka la kampuni la kuagizia spea halipo tena.

Ila springi haijui jina la pikipiki iliyofungwa. Ni waya uliokunjwa, na springi nyingine yoyote yenye vipimo hivyohivyo itafanya kazi ileile. Kwa hiyo kabla ya kutafuta, pima. Chukua unene wa waya, kipenyo cha nje, urefu wake ikiwa imelala mezani bila kubanwa, na idadi ya mizunguko. Angalia na ncha: je, mzunguko wa mwisho umelazwa na kusagwa ukawa bapa, au umeachwa wazi? Ncha ya wazi ikikaa juu ya washa bapa (kile kiduara cha chuma chenye tundu), springi inainama upande na kukwaruza bomba la foku, yaani mguu unaoshika tairi la mbele.

Kwenye unene wa waya usifanye mchezo. Tumia kalipa, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia unene; rula haitoshi. Kwanza piga msasa sehemu ndogo mpaka chuma kionekane, kwa sababu rangi ya zamani na kutu vinakudanganya. Pima sehemu tatu au nne. Nasisitiza hivi kwa sababu ugumu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya. Waya wa milimita 5 ukiubadilisha na wa milimita 6, kipenyo cha springi (kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya wa upande wa pili) na mizunguko vikibaki vilevile, ugumu unazidi mara mbili. Kwa macho huwezi kuziona tofauti hizo mbili, lakini kiuno kitakwambia. Kipenyo nacho kina nguvu zake, maana springi nyembamba ni ngumu kuliko pana. Mizunguko ikipungua, ugumu unaongezeka, ndiyo maana anayekata springi ili "ilegee" anapata kinyume chake.

Sasa pima ugumu wenyewe, na hapa huhitaji maabara. Weka mizani ya kujipimia uzito chini ya drili ya mezani. Funga bolti nene kwenye drili, yenye washa pana inayokaa juu ya springi, na mwili wa bolti upite katikati ya mizunguko ili springi isichomoke na kukuruka usoni. Drili iwe imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme. Vaa miwani. Kandamiza kwa mkono wa drili mpaka springi ishuke sentimita 1, soma kilo. Kandamiza tena ifike sentimita 3, soma. Tuseme umepata kilo 13, kisha 37. Tofauti ni 24, gawa kwa 2: kilo 12 kwa kila sentimita. Ile sentimita ya kwanza usiihesabu peke yake, kwa sababu ncha huwa bado zinajilaza. Wauzaji wa Marekani wanaandika pauni kwa inchi, kwa hiyo zidisha kwa 5.6. Springi yako ni ya pauni kama 67 kwa inchi, na hiyo sasa ni namba unayoweza kutafutia.

Na pengine huna haja ya kununua. Springi ya zamani ikichoka hupungua urefu, lakini ugumu wake haubadiliki sana. Kama haina ufa wala mashimo ya kutu, na tatizo ni kwamba pikipiki imekaa chini, kipande kifupi cha bomba au washa kadhaa juu ya springi vitairudisha. Hakikisha tu kwamba bado kuna nafasi: zidisha mizunguko yote kwa unene wa waya, upate urefu wa springi ikibanwa mpaka igusane. Foku ikifika mwisho wa safari yake kabla ya urefu huo, uko salama.

Ikibidi kununua, mimi huanza na katalogi za viwandani. McMaster-Carr wanauza springi za kubana kwa vipimo, unachagua kipenyo, urefu na ugumu kama unavyochagua nguo kwa saizi. Hawajui Rupp ni nini na hawana haja ya kujua. Kwa foku zenye springi ndani ya bomba, ambako hakuna anayeiona, hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Usipopata saizi kamili, kuna viwanda vya kukunja springi kwa oda, ila kwa jozi moja gharama inauma. Mdogo wangu wa Dar aliniuliza, "Kaka, si ungeleta vipimo mafundi wa mtaa wa Gerezani wakukunjie?" Kukunja watakunja vizuri tu. Swali langu kwao lingekuwa ni waya gani, na baada ya kukunjwa unapashwa moto kiasi gani.

Shokapu za bei rahisi za pikipiki ndogo za Kichina zilizoandikwa 750LBS au 1000LBS ziache. Hizo zimekusudiwa pikipiki yenye shokapu moja nyuma, ambako mkono wa chasi huzidisha mzigo. Ukifunga mbili kwenye Rupp umejifungia vyuma viwili visivyocheza.

Springi za nje zinazong'aa ndizo zenye kazi, kwa sababu kila mtu anataka kromu. Kabla ya kupeleka springi kupakwa, muulize fundi kama ataioka baada ya kromu. Asidi na umeme wa kazi hiyo huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na springi inakuwa kavu, inakatika ghafla hata pikipiki ikiwa imeegeshwa. Dawa yake ni joto la takriban nyuzi 190 za Sentigredi kwa saa kadhaa, mapema baada ya kutoka kwenye beseni la kromu. Fundi akikuangalia kama hajaelewa, chukua springi yako uondoke. Rangi nzuri ya fedha haina ubaya wowote.

Kwa wanaotaka vitu vya enzi zile hasa, kila Julai kuna Vintage Motorcycle Days kwenye uwanja wa Mid-Ohio, Lexington, jirani kabisa na Mansfield. Kuna soko la vitu chakavu lisiloisha kwa miguu. Usiulize "una springi za Rupp?" maana utajibiwa hapana meza hadi meza. Nenda na springi yako mkononi na kalipa mfukoni, omba kuchakura kwenye maboksi ya chini ya meza, yale yasiyo na kibandiko. Beba fedha taslimu, noti ndogondogo, na uwahi asubuhi.