Kifurushi kimekata? Kabla hujalipia tena panda juu uangalie waya wa antena

Huku kwetu ving'amuzi vinafuata msimu wa korosho kuliko hata wanunuzi. Mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili minada inaendelea, hela za chama cha msingi zimeingia, kila nyumba imelipia kifurushi kikubwa mpaka bibi anajua majina ya katuni. Ikifika mwezi wa tatu hela imeshaenda kwenye ada, mahindi na deni la dukani, mvua inapiga, na kwenye TV kuna maandishi tu yanakwambia ulipie. Basi inafunikwa kile kitambaa cha kufuma, inasubiri korosho nyingine.

Mi nimeishi hivyo miaka kama mitatu hapa Mtwara mjini. Elfu ishirini na kitu kila mwezi, nalipia miezi minne mitano, iliyobaki naangalia kitambaa. Na mbaya zaidi nlikua naamini kabisa kwamba bila kulipia hamna TV, kumbe muda wote huo ndani ya nyumba nlikua na karibu kila kitu cha kuonea chaneli za bure, nlichokosa ni waya mzima na mtu wa kunielekeza. Ndo maana naandika haya, maana naona watu wengi bado wapo pale nlipokuwa.

Tuanze na hili. Ving'amuzi vipo vya aina mbili, cha antena na cha ungo. Cha antena kinapokea mawimbi ya mnara uliopo ardhini, cha ungo kinapokea toka satelaiti. Chaneli kama TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV zilipewa leseni za kuonekana bure, na utaratibu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tangu tuingie dijitali ni kwamba kwenye king'amuzi cha antena hizo hazitakiwi kukatwa kifurushi kikiisha. Zinakatika zile za kulipia tu. Watu wengi kifurushi kikiisha wanachomoa na king'amuzi chenyewe wanakiweka juu ya kabati, wakati ungekiacha tu taarifa ya habari ya saa mbili usiku ungeiona kama kawaida.

Cha ungo ndo kilichochanganya watu. Kuna jirani yangu alinunua king'amuzi cha ungo akijua na hicho kikiisha hela atabaki na zile za nyumbani, na kweli kwa muda alikua anaziona, halafu mwaka 2018 TCRA ikasema kampuni za ungo hazina leseni ya kubeba chaneli za bure, zikaondolewa siku moja tu hivi. Jirani akaja kwangu amekasirika kana kwamba mi ndo nimezizima. Mambo ya leseni yanabadilika badilika, kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi, kama lengo lako ni chaneli za bure za Tanzania usianzie kwenye ungo, anzia kwenye antena.

Sasa antena. Hapa ndo penye utamu na hapa ndo watu wanapoibiwa.

Ukienda dukani utaambiwa kuna antena ya dijitali, ina rangi nzuri, boksi limeandikwa HD, 4K, sijui nini. Jamani, antena haijui kama mawimbi ni ya dijitali au ya analojia, yenyewe inakamata mawimbi basi, kazi ya kuyasoma ni ya king'amuzi. Kinachotakiwa ni iwe ya UHF, hilo ni jina la kundi la masafa, kwasababu TV za dijitali zinarushwa humo, kuanzia MHz 470 kwenda juu. Utaijua kwa macho tu: vijiti vyake ni vifupi, urefu wa rula ya shule au pungufu. Ukiona vijiti vinakaribia mita moja au vinapita hapo hiyo ni VHF ya zamani, iache.

Nilijifunza hili kwa mama mkwe, Mikindani. Alikua analalamika TV inaganda, sura ya mtangazaji inakatika vipande vipande kama vigae halafu kioo cheusi. Fundi wa kwanza alimuuzia antena mpya ndogo ya kufunga nje, haikusaidia. Wa pili akamuuzia busta, kile kidude cha kukuza mawimbi, ikawa mbaya zaidi. Wa tatu nikawa mimi, ambaye si fundi wala nini, nimeenda kula ubwabwa wa Ijumaa.

Nikatoka nje uani, kwenye banda la kuku nikaona antena ya marehemu baba mkwe, ile ya mifupa ya samaki, kuku wanaitumia kulala. Aliitoa juu baada ya analojia kuzimwa. Dar walizimiwa tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata kwa awamu, na wengi walidhani antena zao zimekufa siku hiyo hiyo wakazitupa. Nikapima vijiti kwa kiganja, vifupi, UHF safi kabisa. Nikaiosha mavi ya kuku, nikaomba boriti ya mkoko iliyobaki kwenye ujenzi, tukaifunga juu usawa wa kupita mnazi wa jirani.

Lakini siri haikua antena, ilikua waya. Ule wa zamani ni waya bapa, ule wenye nyuzi mbili pembeni, huo usiutumie. Na ule mpya aliofunga fundi wa kwanza ulikua coaxial, ule wa duara wenye shaba katikati, sawa, ila alipoungia nje aliviringisha tu kwa solotepu. Nikafungua. Shaba ya ndani imeota kijani kama ukoga wa kwenye mtungi, zile nyuzi za pembeni zimekua unga, ukizigusa zinabaki kidoleni. Hiyo ni chumvi ya bahari. Mikindani bahari ipo mlangoni, hewa yenyewe ukilamba midomo unaisikia chumvi, sasa waya ulio wazi unadumu miezi mingapi? Nikanunua mita 15 za RG6, hiyo ni aina ya coaxial, mpya, mzima bila kiungo katikati, vichwa vya kufunga kwa kuzungusha, na pale unapoingia kwenye antena nikaupaka grisi kidogo nikafunga mpira wa tairi la baiskeli juu yake. Na kabla haujaingia ndani nikauacha uning'inie chini kidogo ndo upande kuingia dirishani, ili maji ya mvua yadondokee pale chini yasitembee na waya mpaka nyuma ya TV.

Kwenye menyu ya king'amuzi kuna sehemu inaonyesha mistari miwili, mmoja nguvu ya mawimbi na mwingine ubora. Watu wanaangalia ule wa nguvu, angalia wa ubora. Kabla ya waya ubora ulikua unacheza kwenye 30, baada ya waya, antena haijageuzwa hata kidogo, ukapanda 60 na kitu. Tulivyoanza kugeuza ukafika 78, mama mkwe ndani anapiga kelele "hapo hapo! umepita! rudisha!" na mi juu ya ngazi naogopa kuanguka.

Kuhusu kugeuza, Mikindani imekaa kama kwenye bakuli, vilima nyuma na ghuba mbele, na mawimbi ya UHF hayapendi kilima. Ushauri wa kawaida ni uangalie antena za majirani zimeelekea wapi. Ni mzuri, ila nusu ya antena za mtaani zimeelekea kokote, ni mabaki ya zamani au zimegeuzwa na upepo. Uliza kwanza nani TV yake inaonyesha vizuri, ndo uangalie ya huyo. Na angalia vijiti vyake vimelala au vimesimama, na wewe weka hivyo hivyo, ukikosea hilo utageuza mpaka jua lizame. Kwa mama mkwe kusogeza antena hatua nne tu kwenye kona nyingine ya paa kulisaidia kuliko kuipandisha juu.

Mwaka wa analojia tulikua na chenga. Mawimbi yakiwa hafifu unaona chenga ila sauti unasikia, mpira unauona kwa imani. Dijitali haina chenga, ni inaonyesha vizuri au inaganda au hamna kabisa, na kati ya vizuri na hamna ni padogo sana. Kwa hiyo mtu akikwambia eneo lenu halina mawimbi usimwamini kwasababu tu kioo ni cheusi, inawezekana umekosa kidogo tu.

Busta nayo. Busta inakuza kila kinachopita, mawimbi na uchafu wake. Kama waya umeoza inakuza uozo. Na kama upo karibu na mnara inazidisha mpaka king'amuzi kinachanganyikiwa, mtu wa Shangani hapa hapa mjini nliwahi kumwambia achomoe busta na chaneli zikarudi zote. Busta ni kwa waya mrefu sana au mtu wa mbali, na inakaa karibu na antena kule juu, sio nyuma ya TV.

TV zenyewe: nyingi za flati za siku hizi zina king'amuzi ndani kwa ndani, unachomeka antena unasachi basi, hununui kitu. Ila hakikisha imeandikwa DVB-T2, maana ndo mfumo ambao nchi za SADC zilikubaliana 2010. Shemeji yangu alitumiwa TV na ndugu yake toka Uingereza, kubwa, ina stika ya Freeview, yaani chaneli za bure za kwao, tukasachi usiku mzima haikupata hata moja. Kumbe ilikua ya zamani, inasoma DVB-T tu, T2 haiijui. Na zile za mtumba toka Japan ndo usisogelee kabisa kwa kazi hii, mfumo wao mwingine na umeme wao ni wa volti 100, utachomeka na kusikia harufu. Ukishakuwa na TV kama ile ya shemeji, au ya chogo, hutupi, unatafuta king'amuzi kidogo cha T2 kisicho na kadi na unachomeka kwa zile waya tatu, njano nyekundu nyeupe.

Ungo wa futi sita nao upo, usioulipia kila mwezi. Hapa kwetu ile mingi unaikuta imeangalia baharini, mashariki, wakati ungo mdogo wa kulipia umeangalia bara. Ule mkubwa unatumia mawimbi ya C, ambayo mvua haiyasumbui sana, na unapata habari za nje na chaneli za dini za kila aina. Ni mzuri kama una nafasi na hela ya kuanzia, mi naona ni wa mtu mwenye wito. Ila akija fundi akakwambia anakufungulia na chaneli za kulipia kwa elfu kumi kwa njia zake, muage vizuri. Ni wizi, na zaidi ya hapo zinazima baada ya wiki mbili na yeye simu haipatikani, najua kwasababu ile elfu kumi ilikua yangu.

Simu na bando sizungumzii sana, mechi moja tu inakula zaidi ya GB moja, piga hesabu mwenyewe.

Na sitaki nikudanganye, kuna kitu utakikosa. Ligi kuu ni ya kulipia, Azam ndo wenye haki za kuonyesha, kwa hiyo Namungo wakiwa Ruangwa wanacheza na Yanga hiyo huioni kwa antena. Mi siku hiyo naenda kibanda umiza, natoa jero langu, nakaa kwenye benchi na watu wanaopiga kelele, na ukweli nyumbani peke yangu sikuwahi kuifurahia hivyo. Mwezi wenye mechi kubwa nyingi nalipia mwezi huo mmoja, halafu naacha kikate. Kikikata narudi kwenye waya wa antena, na hamna anayelia sebuleni.

Usisahau pia kusachi upya kila baada ya miezi kadhaa, masafa yanabadilishwa na chaneli mpya zinaingia kimya kimya, watu wanasema chaneli imefungwa kumbe imehamia namba nyingine.

Juzi mama mkwe kapiga simu, Star TV inaganda tena. Kusi imeanza kuvuma, najua tu antena imejigeuza kwenye boriti maana nlifunga kwa kamba ya katani badala ya waya, nlikua na haraka ya kuwahi ubwabwa. Jumamosi napanda na spana. Kaniambia nije na nazi mbili na nisile kwanza.