"Mwimbaji wa kike", au mwimbaji tu?

SWALI: Naandika habari za burudani. Kila nikiandika "mwimbaji wa kike" mhariri wangu anafuta "wa kike", na kila nikiandika "muigizaji" ananirudishia "mwigizaji". Ana haki? Tena, mwanamke anayeimba, anayeigiza na kutunga, nimwite nani kwa neno moja? "Msanii" limenichosha.

JIBU: Mhariri wako nampa haki zote mbili, ila hilo la "wa kike" nampa kwa masharti.

La "muigizaji" ni jepesi, tulimalize. Kiambishi mu- kikikutana na irabu, u hugeuka w: mwigizaji, mwimbaji, mwalimu. U hubaki pale mzizi wenyewe unapoanza na u, kama muuzaji na muuguzi. Unguja utasikia "muimbaji" na "muandishi" kutwa nzima na hakuna anayeshtuka. Maandishi sanifu yanataka w.

Sasa "wa kike". Mwimbaji ni kitenzi -imba, mbele kimewekewa m- ya mtu, nyuma -aji ya mazoea. Neno zima linatazama kazi. Anayeifanya awe bibi au bwana halina habari naye. Jaribu kuandika "mwimbaji wa kiume Juma Bhalo" halafu uwasomee watu wa Mombasa. Watakuuliza kwani kuna Juma Bhalo mwingine asiye wa kiume? Kwa hiyo ukimwandikia mwanamke "wa kike" na mwanamume usimwandikie kitu, unamwambia msomaji kwamba uimbaji ni mali ya wanaume na huyu mama kaja kuazima. Sidhani ndilo ulilokusudia.

Masharti yangu ni haya: jinsia ikiwa ndiyo habari yenyewe, iseme, na useme "mwanamke" waziwazi. Mfano ni Siti binti Saad. Taarab aliyoikuta Zanzibar ilikuwa ya kasri, ya wanaume, na sehemu kubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Hapo usipotaja kwamba ni mwanamke umemnyima msomaji nusu ya kisa. Lakini tazama pia jinsi jina lake lilivyokwisha kufanya kazi hiyo: "binti" limo ndani, na "Siti" si jina alilozaliwa nalo. Alizaliwa akaitwa Mtumwa. Siti ni neno la heshima lenye asili ya Kiarabu, maana yake bibi, mwanamke mwenye hadhi. Mtu ametoka Mtumwa akafika Siti kwa sauti yake, halafu wewe unamwongezea "wa kike"?

Kuna tatizo la kweli ambalo wahariri wakali hulisahau. Kiswahili hakina viwakilishi vya kutofautisha yeye wa kike na yeye wa kiume, na a- ya "alisema" ni ya wote. Msanii akiwa mgeni, na jina lake halimwambii kitu msomaji wako, aya tatu zinaweza kupita bila mtu kujua anasoma habari za nani. Dawa yake ni "Bi" mara ya kwanza, au "mwanamke huyo" mahali pamoja, basi. Usirudie.

Ila usikimbilie "mwanadada" na "mwanamama", maneno ambayo kurasa za burudani zinayapenda kupita kiasi. Mwaka fulani niliwahi kumwita "mwanadada" mwimbaji ambaye, kumbe, alikuwa na wajukuu. Msomaji mmoja mzee akaniandikia: dada wa nani, wewe? Nimekoma. Na "mwanababa" sijaliona kwenye ukurasa huo huo.

Tuje kwenye "msanii". Nakuelewa ukichoka nalo. Ni neno zuri, ni ndugu wa sanaa, lakini limebebeshwa kila mtu mpaka halimwonyeshi yeyote. Isitoshe, mitaani "usanii" siku hizi ni ulaghai: fundi akikwambia njoo kesho mara nne, huyo amekufanyia usanii. Msomaji halisahau hilo hata kwenye habari ya tamasha.

Mwenzake "mwanamuziki" nalo lina jambo lake. Mwana- hapa si mtoto wala si mwanamume. Ni mtu wa jambo fulani, kama mwanasiasa au mwanamaji. Hakuna kinachomzuia mwanamke. Lakini soma habari za bendi za dansi uone wanavyogawiwa: mpiga gitaa ni mwanamuziki, mpiga ngoma ni mwanamuziki, na wanawake wa bendi hiyo hiyo ni "waimbaji" na "wanenguaji". Mnenguaji ni neno halali, linatokana na -nengua, kukata nyonga, na kazi yenyewe inataka pumzi na mazoezi. Shida ni pale aliyetunga wimbo anapobaki mnenguaji kwenye gazeti kwa sababu tu alionekana akicheza.

Neno moja la kumbeba anayefanya matatu sina, na sioni kwa nini tulitafute. Kiswahili ni lugha ya vitenzi, kitumie. Mchukue Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013. Ukiandika "msanii mkongwe Bi Kidude" umesema kidogo sana. Andika: aliimba taarab, alipiga ngoma ya msondo, alikuwa kungwi wa unyago. Vitenzi viwili na cheo kimoja, na msomaji amemwona. Ukitaka nomino, lugha inakupa zile zinazoishia na -a, ambazo haziendi bila kitu nyuma yake: mpiga msondo, mpiga zeze, mcheza ngoma. Huwezi kusema "yeye ni mpiga" ukanyamaza, na hapo ndipo uzuri wake: zinakulazimisha utaje anapiga nini. Kuna na manju, anayetunga na kuongoza nyimbo ngomani, neno lisilojali jinsia ambalo tumeliacha likiota vumbi.

Ukiunganisha nomino mbili, angalia upatanisho. "Mwimbaji na mwigizaji huyo amewasili" ni mtu mmoja. "Mwimbaji na mwigizaji wamewasili" ni wawili, na ofisi nzima itaanza kuuliza wa pili ni nani. Ukiona shaka, sema "mwimbaji ambaye pia ni mwigizaji". Vikundi kama TOT (Tanzania One Theatre), alikoimba Khadija Kopa, vilitoa taarab, ngoma, kwaya na maigizo. Katika vikundi vya namna hiyo mtu aliweza kutoka ngomani akabadili nguo akarudi kwenye igizo, kwa hiyo utalihitaji sana hilo "pia".

La mwisho hukuuliza, ila limo kwenye aya uliyoniambatishia: "nyota hiyo ilipanda jukwaani". Iliyopanda jukwaani kwa i- ni ya angani. Mtu ni "nyota huyo alipanda", na chipukizi ni "nyota mdogo". Jina la kisanii, hata hivyo, haliguswi umbo lake. Yule mwimbaji wa Mombasa aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kabla ya kuimba anaitwa Nyota Ndogo, kwa n-, na hapo hapo kitenzi kinamfuata mtu: Nyota Ndogo ameimba. Ndivyo ilivyo kwa Kidude pia. Jina lina ki- ya kidude, kitu kidogo, lakini hakuna aliyewahi kusema kiliimba.