Muulize Ami: Huo mwavuli usiutie cherehani kwanza

Tokea siku ile niliyotaja kwa kupita tu kuwa zamani nikiwa nje nilikuwa fundi wa miamvuli ya kurukia, yaani maparachuti, basi sipumui, kila mtu ana lake la kuuliza. Mwezi huu nimeamua kuweka mambo ya nyanya na ukungu wa kuta pembeni, nijibu haya.

Assalam alaykum Ami. Mie fundi cherehani hapa Mkunazini. Mgeni mmoja kaniletea mwavuli wake wa kuruka na ndege, umechanika pahala pawili, tundu moja kama kiganja na jengine dogo karibu na kamba. Anautaka Alkhamisi. Nimeshazoea kushona makaiti, zile tiara za kutelezea baharini, za vijana wa Paje na matanga ya ngalawa, kazi yenyewe naiona nyepesi na pesa nzuri. Nishone? – Fundi, Mkunazini

Waalaykum salaam fundi wangu. Usishone. Najua umeshaipigia hesabu ile pesa lakini usishone, na nitakwambia kwa nini maana ukisikia "usiguse" tu utaona nakubania riziki.

Kaiti nyingi kitambaa chake ni polista, mwavuli ni nailoni. Ukivitia mkononi utaviona ndugu, vyote vina vile vijimraba vya uzi mnene wa kuzuia mchaniko usiendelee, lakini nailoni inavutika na kurudi na ndio maana ikachaguliwa, kwa sababu mtu anaporuka anashuka karibu kilomita 190 kwa saa halafu ndani ya sekunde chache kile kitambaa kinatakiwa kimkamate, sasa ule mshtuko lazima pawe na kitu cha kuumeza. Kaiti haipati mshtuko kama ule hata Kaskazi ikivuma vipi. Kwahiyo ukiweka kiraka cha polista, au ukashona kwa uzi wa pamba ule wa suruali za skuli, pale kwenye kiraka patakuwa hapavutiki wakati kandokando yake panavutika, na mchaniko utaanzia hapo hapo kwenye mshono wako mzuri.

Halafu sindano. Wewe unajua kuliko mie kuwa sindano nene kwenye kitambaa chepesi inaacha tundu, na ukikosea ukafumua tundu linabaki. Kiraka cha mwavuli kinatakiwa kitambaa kile kile, ulalo wa uzi uelekee kule kule, uzi wa nailoni, na idadi ya mishono iliyoandikwa na kiwanda, sio kwa jicho. Lile tundu dogo karibu na kamba ndilo linalonitisha mie zaidi, lile la kiganja lililo katikati ya kitambaa wala. Pale kamba inaposhika ndipo uzito wa mtu unapopita, ile si kazi ya kiraka tena, pengine ni kufumua na kubadilisha kipande kizima. Marekani kwa mfano mafundi wa miamvuli wako daraja mbili na matengenezo makubwa anafanya yule wa daraja la juu peke yake, na hata huyo wa chini hapati cheti mpaka awe ameshapakia, yaani kukunja na kutia begini, miamvuli isiyopungua 20 ya aina anayoombea, na mtu amesimama juu yake anamtazama.

Sasa riziki yako. Muulize mgeni, huu ni mwavuli mkubwa au wa akiba? Kwenye begi moja mna miwili. Akisema wa akiba mrudishie hapo hapo, usiukunjue hata kidogo. Akisema mkubwa, bado mwambie atafute fundi mwenye cheti, ila begi lenyewe kama mfuko wa nje wa kusafiria umechanika zipu, hiyo shona, chaji unavyotaka.

Ami shkamoo. Nipo Paje nafundisha kaiti, msimu ujao kuna jamaa anataka kunichukua nikajifunze kuruka. Ananiambia kazi ngumu ni kukunja mwavuli, nimetizama video wanakunja kama shuka za hoteli. Ni kweli ukikosea mkunjo kidogo tu haufunguki? – Mtoto wa Paje

Marahaba. Hapana, na hili watu wengi hawaliamini nikisema. Mwavuli wa siku hizi wa mraba unataka kufunguka, hata ukiukunja vibaya mara nyingi utafunguka, pengine kwa kishindo au kamba zimejisokota. Na kwa taarifa yako aliyebuni ule wa mraba unaojaa hewa ni mtu wa tiara kama wewe, Domina Jalbert, mwaka 1964, alikuwa mtengenezaji wa tiara. Kwahiyo usijione mgeni.

Kinachoua ni vitu vidogo ambavyo havionekani kwenye video. Nitakupa kimoja. Kuna kile kijimwavuli kidogo unachokirusha kwa mkono, kinashika upepo kinavuta pini inayofunga begi kisha kinautoa ule mkubwa. Vingi siku hizi baada ya kufungua vinajikunja vyenyewe visikuvute nyuma, raha, lakini kabla ya kupakia lazima ukitege tena, kama unavyotega dema. Usipokitega ukakirusha kinakwenda nyuma yako kinapepea kama kitambaa cha kufutia meza, hakina nguvu ya kuvuta kitu. Mwavuli wako umeukunja kama shuka la hoteli ya nyota tano na hautoki. Ndio maana kwenye utepe wake pana kidirisha, ukitega vizuri unaona rangi, na mtu mzima anatizama rangi ile kila mara hata kama kapakia mara elfu.

Chengine ni breki, zile kamba za kuongozea mwavuli. Unazifunga kabla ya kukunja, na ukisahau upande mmoja mwavuli unafunguka huku unazunguka. Halafu kile kitambaa cha mraba chenye pete nne kinachoteremka kwenye kamba, lazima kisukumwe juu mpaka mwisho, hicho ndicho kinachofanya mwavuli ufunguke taratibu, kikiwa chini utasikia shingo. Na mipira ile ya kubania kamba iliyokwisha itupe, usiseme "hii bado bado", bei yake ndogo kuliko chai.

Ukunje basi, lakini kwanza hesabu na utizame. Kamba nazo, hasa kamba za breki, zile nyeupe nyembamba za Spectra zinajifupisha kwa joto la msuguano wa kile kitambaa kinapoteremka, kidogo kidogo, siku moja unashangaa mwavuli unakwenda upande. Kuna aina nyengine ya Vectran haifupiki lakini inachakaa ikaanza nywele, na ikifika hapo haikupi notisi, inakatika. Kwahiyo pitisha vidole. Na usipakie mchangani! Nakujua Paje pazuri lakini mchanga na chumvi vinasaga uzi, na jua la saa saba linaila nailoni hata kama huoni. Tandika turubai kivulini.

Ami, mwanangu karudi kutoka Ulaya na begi lake la kurukia, kaliweka stoo pamoja na betri ya sola na magunia ya karafuu. Kasema halijatumika mwaka mzima kwahiyo liko jipya. Mie roho yangu haitulii. – Mama yake, Wete

Roho yako inakwambia kweli dada yangu. Karafuu ziacheni, lakini betri itoke leo, sio kesho. Ile maji ya betri ni asidi na nailoni haiwezi kupigana na asidi, inashindwa tu. Na si lazima imwagike ikaonekana. Miaka ya 1980 kulikuwa na miamvuli ya akiba ya duara iliyokuwa na wavu ndani yake, wavu ule wenyewe ulikuwa na asidi na ukawa unakila kitambaa kilichogusana nao humo humo ndani ya begi, kimefungwa vizuri, hakuna aliyekigusa, mafundi wakawa wanatia dawa inayobadilika rangi kupima asidi kwenye kila kimoja. Kwahiyo "halijatumika" haimaanishi kitu.

Na hilo ndilo jibu la wengine watatu walioniuliza kwa nini mwavuli wa akiba ufunguliwe na kupakiwa upya kama haukuwahi kutoka. Marekani tokea 2008 ni kila siku 180, zamani ilikuwa 120, na wa hariri ni 60. Fundi anaufungua, anautizama kitambaa kwa kitambaa, anautundika upate hewa, anapakia, anaandika kadi na kutia sahihi, halafu anafunga uzi mwekundu na lakiri ya risasi yenye alama yake. Mwambie mwanao atoe kadi uisome tarehe. Mwaka umepita? Basi haruki, akasirike.

Mie mwenyewe ntawaambia kitu. Siku moja nilipakia wa akiba, jioni, maghrib imekaribia, nimefunga nimeshatia na risasi, nakusanya vifaa vyangu mezani kuvihesabu navikuta vinne. Vilikuwa vitano. Pini moja ya muda, ile unayotumia kushikilia kitanzi ukiwa unafunga, haipo. Nikatizama chini, mfukoni, kwenye kanzu yangu niliyoitundika. Pini ikiwa imebaki ndani mwavuli haufunguki, basi. Nikakata risasi nikafungua kazi ya masaa mawili na nusu yote. Haikuwemo, ilikuwa imeingia kwenye mkunjo wa suruali yangu. Bosi kanicheka lakini hakusema nimepoteza muda, na tokea siku ile kila pini yangu ina kitambaa chekundu kirefu, sijali uzuri.

Mwavuli ukiangukia baharini Kendwa ufanyweje? – Msomaji, Bububu

Maji baridi ya bomba, mapema, siku hiyo hiyo, usuuze mara nyingi mpaka chumvi itoke, maana chumvi ikikauka inakuwa vijiwe vinavyokata uzi na kula vyuma. Usikamue, usitie sabuni wala mashine, uanike kivulini kwenye upepo. Na wa akiba ukilowa pamoja na ile mashine inayoufungua wenyewe mtu akizimia, vyote kwa fundi, mashine nyengine zina kichujio cha kubadilisha.

Naweza kuupiga pasi ukae vizuri begini? – Jambiani

Hapana. Mikunjo haina neno.