Kazi Inayodaiwa Tarehe 9

Swali la wiki lilikuwa: je, kusomea masomo ya biashara chuoni bado kunamwandaa kijana kwa kazi hapa Nairobi, au ni karo ya mzazi inayopotea? Jibu langu ni kwamba kunamwandaa, tena vizuri sana, mradi atoke chuoni akiimudu kazi ambayo mwajiri anadaiwa kila mwezi na hawezi kuikwepa.

Mimi ni mhasibu katika duka la jumla la vipuri vya magari karibu na barabara ya Kirinyaga, ile ambayo mafundi wengi bado wanaiita Grogan. Tunapokea wanafunzi wa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kutoka vyuo vya jijini, wengine wa uhasibu, wengine wa usimamizi wa biashara, wengine wa ununuzi na ugavi. Baadhi yao nimewaombea kazi kwa mwenye duka nao wakaipata. Naandika nikiwafikiria wao, na wale ambao sikuweza kuwaombea.

Tuanze na tarehe. Kufikia tarehe 9 ya kila mwezi, mwajiri yeyote nchini Kenya anatakiwa awe amewasilisha na kulipa PAYE, yaani kodi ya mshahara, ya mwezi uliotangulia, pamoja na michango ya NSSF ya pensheni na SHIF ya bima ya afya na ushuru wa nyumba. Kufikia tarehe 20, aliyesajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, awe amewasilisha hesabu ya ile asilimia 16. Mwenye duka anaweza kuahirisha kupaka rangi, anaweza kuahirisha tangazo la redio, anaweza hata kumaliza mwaka mzima bila meneja wa mauzo. Tarehe 9 haimsubiri. Akichelewa anatozwa faini na riba, hata kama mwezi huo wateja hawakuonekana. Hapo ndipo kazi ilipo, na ndipo ningetaka chuo kimfikishe kijana.

Mwanafunzi mpya akija, namwekea mezani karatasi, kalamu na kikokotoo. Namwambia: kuna mfanyakazi ana mshahara wa shilingi 40,000, nitafutie atakachopokea mkononi. Kwa viwango vya 2025 hesabu yake inakwenda hivi. NSSF ni asilimia 6, yaani 2,400. SHIF ni asilimia 2.75, yaani 1,100. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 600. Zote tatu zinatolewa kabla ya PAYE, kwa hiyo mshahara unaotozwa kodi unabaki 35,900. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, nazo zinaleta 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata zinatozwa asilimia 25, zinaleta 2,083 na senti 25. Zinazosalia ni 3,567, za asilimia 30, zinaleta 1,070 na senti 10. Jumla ni 5,553 na senti 35. Ondoa ile nafuu ya 2,400 ambayo kila mlipa kodi hupewa kwa mwezi, PAYE inakuwa 3,153 na senti 35, na mfanyakazi anakwenda nyumbani na 32,746 na senti 65. Mwajiri naye anaongeza kutoka mfukoni mwake 2,400 za NSSF na 600 za nyumba.

Wengi hujikwaa mahali pamoja. Wanatoa NSSF peke yake kabla ya PAYE, kisha SHIF na ushuru wa nyumba wanazitoa mwishoni. Ndivyo ilivyokuwa hadi sheria ilipobadilishwa Desemba 2024, na madokezo waliyonakili darasani hayakubadilishwa. Nimeona madokezo ambayo bado yana jedwali la NHIF, wakati SHIF ilichukua nafasi yake Oktoba 2024. Kijana hana kosa hapo. Amelipa karo afundishwe kazi ya leo, na anayo haki ya kufundishwa kazi ya leo.

Kuna watu huchukua jambo hili wakasema basi chuo hakina maana, kila kitu kiko kwenye simu. Sikubaliani nao hata kidogo. Viwango hubadilika kila Sheria ya Fedha inapopitishwa, lakini kanuni ya maingizo mawili, kwamba kila shilingi ina mahali ilipotoka na mahali ilipokwenda na zote mbili ziandikwe, ni ileile aliyoichapisha mtawa Luca Pacioli kule Venice mwaka wa 1494. Aliyeielewa kanuni hiyo, mpe viwango vipya asubuhi na kufikia saa sita mchana atakuwa amejirekebisha. Ambaye hakuielewa hawezi kuokolewa na programu yoyote. Ataingiza ankara upande usiofaa na QuickBooks itamtolea ripoti nadhifu yenye uongo ndani yake. Kanuni hiyo inahitaji mwalimu, zoezi, kusahihishwa, na zoezi tena. Simfahamu mtu aliyeijua vizuri kwa kutazama video za dakika tano akiwa kwenye matatu.

Nitatoa mfano wa dukani. Fundi anakuja saa tano, anachukua brekipedi na shokabsoba za 18,500. Analipa 10,000 kwa M-Pesa, anabeba vitu vyake. Jioni zile 8,500 zilizobaki zinaingia kwa till kutoka simu ya mwenye gari, mtu ambaye sisi hatumjui. Ankara ina jina la fundi. Taarifa ya M-Pesa ina malipo mawili, moja la fundi na jingine la mgeni. Zidisha hilo kwa wateja wa siku nzima, weka na ada ambazo M-Pesa yenyewe inakata, uone leja itakavyokuwa mwisho wa mwezi. Kwa muda mrefu mwenye duka alikuwa anaamini anamdai kila mtu pesa na wakati huohuo hawezi kumtaja mdaiwa hata mmoja kwa jina.

Binti mmoja wa stashahada, aliyekuja kwetu kwa atachimenti, aliomba kitabu cha delivari cha kaunta, ambacho sisi tulikuwa tunakitumia tu kujua bidhaa imetoka. Akaweka taarifa ya till upande mmoja na kitabu upande mwingine, akatia alama kwa kalamu mbili, buluu kwa malipo yaliyopata ankara yake na nyekundu kwa yasiyo na mwenyewe. Alifuata saa. Malipo ya mgeni ya saa kumi na moja yanakamilisha deni la saa tano kwa shilingi kamili, basi anampigia fundi simu kuthibitisha. Alipomaliza, tulikuwa na orodha ya wadaiwa ambayo mtu angeweza kuishika mkononi na kwenda nayo garaji kwa garaji. Mhadhiri wake alipokuja kumtathmini, nilimwonyesha karatasi zile kabla sijafungua daftari la atachimenti. Huyo binti leo ameajiriwa, na si kwetu, maana tulishindwa kumlipa alichopewa kwingine.

Sasa hivi kazi ya namna hii inaongezeka, na sidhani vijana wengi wameliona hilo. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi na KRA, mamlaka ya mapato, wakati wa kupunguza faida inayotozwa kodi. Maana yake, duka kubwa halitaki tena kununua kwa mtu asiyeweza kutoa ankara hiyo. Mfanyabiashara wa Kamukunji aliyezoea kuandika mauzo nyuma ya kalenda ghafla anaulizwa ankara na mteja wake wa miaka mingi. Anahitaji mtu wa kumsajili, kumwekea bidhaa zake kwenye mfumo na kuja mara moja kwa wiki kuangalia kama mauzo na manunuzi yanakubaliana. Hawezi kumwajiri mhasibu wa mshahara mnono. Anaweza kumlipa kijana mwenye cheti anayehudumia maduka kadhaa kama lake. Vijana hawa hawaogopi sheria za ushuru. Mwaka wa 2024 waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani na kwa Sheng, hadi Juni 26 Rais akatangaza hatautia saini. Ujuzi ule ni mtaji, na ningependa kuuona darasani.

Kuhusu kozi gani, nitasema wazi ingawa najua kuna watakaokasirika. Nikiwa mzazi mwenye karo ya kozi moja tu, nisingeanza na usimamizi wa biashara. Ni somo zuri kwa mtu ambaye tayari anasimamia kitu. Kijana wa miaka 21 anayetoka na stashahada hiyo anaombewa kazi ya kusimamia watu ambao hawapo. Ningeanza na uhasibu, au na ununuzi na ugavi kwa mtoto anayependa stoo na bidhaa, kwa sababu kozi hizo zinaishia kwenye karatasi ambayo mtu anaihitaji: leja, kadi ya stoo, ulinganisho wa bei za wauzaji, hesabu ya VAT. Usimamizi atausoma baadaye, akiwa na meza yake.

Masomo mawili ambayo wanafunzi huyadharau ningewaomba wasiyadharau. La kwanza ni sheria ya biashara. Duka letu linauza kwa mkopo, na asiyejua mkataba unaanza lini au bidhaa inakuwa ya mnunuzi lini anaweza kutuingiza hasara kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp. La pili ni mawasiliano. Barua ya kudai deni inayomfanya mteja alipe na bado arudi kununua ni kazi ngumu kuliko mizania.

Kuhusu chuo chenyewe, uliza maswali mawili kabla ya kulipa hata shilingi moja. Je, kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi? Na mtihani wa mwisho unatungwa na nani? Ukiambiwa KNEC, CDACC au KASNEB, ambavyo ni vyombo vya mitihani vya kitaifa, endelea kusikiliza, kisha uthibitishe mwenyewe. Ukiambiwa chuo chenyewe ndicho kinachotunga, kusahihisha na kuchapisha cheti, shukeni ngazi mkatafute kwingine. Kijana wa jirani yangu alisoma miaka miwili katika chuo kimoja cha ghorofani mjini, akapewa cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu, na kila ofisi aliyokwenda ilimuuliza mtihani ulikuwa wa nani. Ilibidi aanze upya. Mama yake anauza mboga. Nikikumbuka karo ile bado naumia.

Mwenye C+ ya KCSE anaweza kuingia CPA, kozi ya wahasibu wa kitaaluma, moja kwa moja. KASNEB, iliyoanzishwa 1969, ina mitihani mara tatu kwa mwaka, Aprili, Agosti na Desemba, na ngazi tatu za kupanda. Wasio na alama hiyo wanaanzia chini, kwenye stashahada au cheti, na njia inafika palepale ingawa inachukua muda. Kitu ninachokipenda katika mpango huo ni kwamba mtu anaweza kufanya kazi mchana na kusoma jioni, akaandika karatasi chache kila awamu kadiri mfuko unavyoruhusu. Wenzangu wengi wa mjini walipita hivyo, wakitoka kazini saa kumi na moja na kuingia darasani saa kumi na mbili.

Kwa wahadhiri nina ombi moja. Kila muhula, kabla ya somo la kwanza la mishahara au VAT, fungueni tovuti ya KRA mbele ya darasa, mtazame viwango vya mwezi huo, mfute vya zamani ubaoni. Haichukui hata saa moja, na mwanafunzi anajifunza pia mahali pa kutazama atakapokuwa peke yake.

Na mwanafunzi anayesoma haya akiwa likizoni, bila atachimenti, tafuta duka moja mtaani kwenu ambalo mwenyewe anakuamini. Mwombe taarifa ya M-Pesa ya mwezi mmoja na risiti za manunuzi za mwezi huohuo. Hesabuni stoo pamoja siku ya kwanza, rafu kwa rafu, na mhesabu tena siku ya mwisho. Stoo ya mwanzo, ongeza manunuzi, toa stoo ya mwisho: hiyo ndiyo gharama ya vilivyouzwa. Linganisha na pesa zilizoingia, za simu na za mkononi. Kisha mweleze mwenye duka, kwa maneno yake, faida yake ya mwezi huo ilikuwa ngapi na pesa nyingine zilikwenda wapi. Karatasi hizo, kwa ruhusa yake, zije nawe siku ya mahojiano. Mimi nikiziona nitaanza na hizo kabla ya vyeti.