Mabua, jua na poda nyeupe: maswali yenu ya sayansi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko Kilombero, huku tukishavuna mahindi watu wanachoma mabua shambani mpaka moshi unatutoa machozi. Nimeskia kuna wataalamu wanatumia mwanga na kichocheo kugeuza mabaki ya mimea kuwa kemikali za maana. Ni kweli au stori tu? Na kama kweli mbona hatuioni?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli kabisa, na nimefurahi umeuliza maana hayo mabua yananiuma hata mimi.

Bua kavu limejengwa na vitu vitatu vikubwa: selulosi, ambayo ni minyororo mirefu ya glukosi, hemiselulosi ambayo ni sukari za aina nyingine, na lignini ambayo ndo gundi inayolifanya lisimame. Yani zaidi ya nusu ya unachokichoma ni sukari, ila imefungwa vibaya mno, ng'ombe anaifaidi kwa sababu ana vijidudu tumboni vinavyomfungulia, sisi hatuna. Viwandani wanaifungua kwa asidi au kwa moto wa digrii 400 mpaka 600 bila hewa, na ukitumia moto hivyo kila kitu kinavunjika ovyo, unabaki na mafuta meusi yenye mchanganyiko wa vitu mamia.

Mwanga unafanya taratibu zaidi. Kichocheo chenyewe, yani kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuisha, mara nyingi ni poda ya semikondakta, kitu kinachopitisha umeme nusunusu. Mwanga ukiipiga chembe yake, elektroni inaruka na kuacha nafasi wazi, wenyewe wanaiita tundu, na hilo tundu lina njaa, linanyofoa elektroni kwenye sukari au lignini iliyo karibu nalo mpaka kifungo kinakatika, wakati ile elektroni iliyoruka inaweza kwenda kutengeneza haidrojeni kutoka kwenye maji. Yote hayo kwenye joto la kawaida la chumba.

Na sio jambo la juzi. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walionyesha titani dioksaidi, semikondakta ambayo poda yake ni nyeupe, ikimulikwa inaweza kusaidia kupasua maji. Mwaka 1980 Kawai na Sakata, hukohuko Japani, wakaweka sukari, wanga na selulosi kwenye maji yenye kichocheo cha namna hiyo, wakamulika, wakapata haidrojeni. Mwaka 2014 kundi la Corey Stephenson pale Chuo Kikuu cha Michigan likakata vifungo vya lignini kwa mwanga kwenye joto la chumba, halafu 2017 kundi la Erwin Reisner pale Cambridge likatoa haidrojeni kwenye mbao, karatasi na majani, kwa kutumia semikondakta nyingine, kadimiamu salfaidi, ndani ya maji yenye alkali kali. Mimi hii ya lignini ndo inanivutia zaidi, maana imejaa zile pete za kaboni ambazo leo viwanda vinazitoa kwenye mafuta ya petroli. Hata vanilini, ile harufu ya vanila kwenye keki, Norwei wanaitengeneza kutoka kwenye lignini ya miti, ingawa wao hawatumii mwanga.

Sasa mbona haijafika kwenu. Titani dioksaidi ni rahisi kupatikana lakini inakula mwanga wa urujuanimno tu, ule usioonekana kwa macho, ambao ni kama asilimia 5 ya nguvu ya jua, nyingine yote inapita bure. Kadimiamu inakula mwanga unaoonekana ila ni sumu, huwezi kuimwaga karibu na mto watu wanakochota. Afu bua ni yabisi na poda nayo ni yabisi, si vimiminika, haviingiliani vizuri, na lignini ikishayeyuka ni nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea, inakunywa mwanga kabla haujafika kwenye kichocheo. Kubwa kuliko yote, lile tundu halijui kusimama. Umeshapata kemikali unayoitaka, lenyewe linaendelea kuinyofoa mpaka inaishia kuwa kaboni dioksaidi, na hapo utakuwa umechoma bua lako kwa njia ndefu zaidi. Kulifundisha lisimame mahali pake ndo kazi inayowakesha watu maabara.

Kwa msimu huu bado mpe ng'ombe hayo mabua, lundika mboji, au yaache yafunike udongo. Ila msiyafananishe na makapi ya miwa, yale viwanda vya sukari vinayachoma kwenye boila kupata mvuke na umeme, yana kazi tayari.

SWALI: Mwalimu mi niko kidato cha tano, naweza kujaribu na rangi nyeupe ya ukutani? Naskia ina hiyo titani dioksaidi.

JIBU: Inayo, lakini chembe zake zimepakwa ganda makusudi ili zisiile rangi yenyewe, kwa hiyo itakuangusha. Muombe mwalimu wako wa kemia poda ya titani dioksaidi ya aina inayoitwa anatesi, ukiipima funika pua usivute vumbi. Weka kidogo kwenye maji yenye methilini bluu, ile ya maabara ya baiolojia, iwe bluu hafifu tu, koroga, weka juani. Chupa ya pili iwe na rangi na poda ila ifungie kabatini, ya tatu iwe na rangi peke yake juani, maana methilini bluu hupauka yenyewe kidogo na bila hiyo chupa ya tatu hutajua kazi kaifanya nani. Kabla hujalinganisha ziache zitulie poda ishuke chini. Niandikie ile bluu ilichukua saa ngapi kupotea.