Kilo za Kuazima

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia ujumbe mrefu ulioanza kwa "Shikamoo kocha" na kuishia kwa swali ambalo nadhani nimelisubiri kwa miaka kumi na saba. Ana kilo 86, amecheza mapambano sita ya ngumi za kulipwa na kushinda matano, na sasa promota wake anamtaka afikishe kilo 100 ndani ya miezi mitatu, kwa sababu limepatikana pambano la uzito wa juu na fedha yake si haba. "Kocha, Dempsey alikuwa na kilo 85 na akalipiga jitu la kilo 111. Mimi nitashindwaje?" Alimaanisha Jack Dempsey, bingwa wa zamani wa uzito wa juu.

Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu mwaka 2008 nilimuuliza kocha wangu maneno hayo hayo.

Wakati huo nilikuwa na kilo 84, mwepesi wa miguu, na katika uzito wangu nilikuwa nimewapiga watu ambao leo wakiniona sokoni wananiamkia kwa heshima. Tatizo ni kwamba katika uzito huo hapakuwa na fedha. Promota mmoja, ambaye sitamtaja, aliniambia kwamba watu hawalipi kiingilio kutazama wanaume wa wastani. Wanalipa kutazama majitu. Nikaanza kula. Asubuhi mayai sita na chapati, mchana na usiku ugali wa dona, na kabla ya kulala lita nzima ya maziwa mgando. Mke wangu akaanza kuniita mgeni asiyeshiba. Miezi minne ya kula ni hadithi isiyo na ladha kwa msomaji, kwa hiyo niiruke hadi siku ya kupima uzito, nilipopanda mizani na kusoma kilo 98 na nusu, nikainua mikono juu kana kwamba mkanda umeshafungwa kiunoni. Mpinzani wangu alikuwa na kilo 109. Alipanda, akashuka, wala hakujisumbua kutazama namba.

Raundi ya kwanza niliishinda, na mpaka leo sikubali kuambiwa vinginevyo. Raundi ya pili alinikumbatia kwenye kona. Hakunipiga, aliweka kigasha chake nyuma ya shingo yangu, akalegeza magoti, akauachia mwili wote ulale juu yangu. Nakumbuka harufu ya mafuta ya kuchulia yaliyopakwa mabegani mwake, na nakumbuka kwamba nilihesabu pumzi zangu nikisubiri mwamuzi atutenganishe. Alirudia hivyo mara tatu au nne. Raundi ya nne ngumi iliyoniangusha haikuwa kali hata kidogo; nimewahi kupigwa ngumi kali zaidi mazoezini na watu wa kilo 70. Goti la kushoto lilikunjika lenyewe, nikainuka kwenye hesabu ya nane, mwamuzi akanitazama machoni na kumaliza pambano. Promota akanilipa nusu ya tulichokubaliana na hakupokea simu yangu tena. Kilo zile kumi na nne na nusu sikuwa nazo kama nguvu. Nilikuwa nimezibeba kama mtu anavyobeba gunia la mwenzake.

Sasa turudi kwa Dempsey, kwa maana vijana humsoma nusu. Ni kweli kwamba tarehe 4 Julai 1919, mjini Toledo, alimwangusha Jess Willard, aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mara saba katika raundi ya kwanza, na Willard hakutoka kwenye kona yake kuanza raundi ya nne. Lakini Willard alikuwa na umri wa miaka 37 na hakuwa ametetea ubingwa wake tangu Machi 1916. Dempsey, kwa upande wake, hakuwa ameongeza wala kupunguza chochote: kilo zile 85 zilikuwa zake, amekua nazo, amepigana nazo katika miji ya wachimba madini tangu ujana. Kijana anayemtaja Dempsey ili aongeze kilo 14 anautumia mfano unaompinga yeye mwenyewe.

Rocky Marciano, bingwa wa uzito wa juu wa miaka ya 1950, naye hutajwa sana, mapambano 49 bila kupoteza hata moja. Katika mapambano yake ya ubingwa alikuwa na takriban kilo 84 hadi 86, na wengi wa wapinzani wake wa miaka ile, kina Ezzard Charles na Archie Moore, walikuwa na uzito unaokaribiana na wake. Uzito wa juu wa zama zile ndio ambao leo tungeuita kruza, daraja lililo chini ya uzito wa juu. Hata Kinshasa mwaka 1974, pambano ambalo wazee wetu walilisikiliza redioni, Ali alikuwa na kilo 98 na Foreman 100. Tofauti ya sahani moja ya wali. Tena, ukiitazama filamu ya pambano lile kwa makini, utaona Ali kila wanapokumbatiana anaivuta shingo ya Foreman chini na kuiegemea. Kazi ile ile niliyofanyiwa mimi, isipokuwa Ali alikuwa fundi zaidi.

Kilichobadilika baadaye ni kwamba majitu yalijifunza ngumi. Zamani mtu mrefu mzito alikuwa mara nyingi kivutio cha tamasha, kama Primo Carnera, ambaye Joe Louis alimmaliza katika raundi ya sita mwaka 1935 ingawa alimzidi Louis kilo 29 hivi. Kisha akaja kocha Emanuel Steward, aliyemfundisha Lennox Lewis mwenye mita 1.96, na baadaye Wladimir Klitschko mwenye mita 1.98, kuitumia ngumi ya mbele kama mti wa kumzuia mtu mlangoni, na anayefanikiwa kuingia akumbatiwe na kuegemewa. Kupunguzwa kwa mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12 katika miaka ya 1980 nako kuliwasaidia wazito, kwa kuwa raundi tatu zile za mwisho ndizo zilizokuwa zikiwaumbua. Si ajabu kwamba uzito wa kruza ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2020 WBC, yaani Baraza la Ngumi la Dunia, ikaongeza daraja jingine la pauni 200 hadi 224, yaani hadi kilo 101 na ushei. Madaraja hayo yaliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe na mimi, nasi tunayaona kama aibu.

Utaniambia: na Oleksandr Usyk, bondia wa Ukraine, je? Vema, tumtazame Usyk. Julai 2018 alikuwa na mikanda yote ya kruza, ambayo kikomo chake ni kilo 90.7. Mei 2024 mjini Riyadh alimshinda Tyson Fury, yeye akiwa na kilo 101 na Fury karibu 119. Hesabu mwenyewe: kilo zipatazo kumi na moja, karibu miaka sita. Kila kilo ilipewa muda wa kuzoeana na miguu. David Haye naye alipompiga Nikolai Valuev kwa pointi mwaka 2009 alikuwa na kilo 99 dhidi ya 143, na alishinda kwa sababu usiku mzima hakukubali kusimama mahali ambapo angeweza kushikwa. Kisha tazama upande wa pili: jirani yetu wa Kongo, Martin Bakole, bondia ninayempenda kwa dhati, Februari 2025 aliitwa Riyadh zikiwa zimebaki siku mbili, akapanda mizani na kilo zipatazo 143 zile zile za Valuev, na Joseph Parker akammaliza katika raundi ya pili.

Kwa hiyo nilimjibu kijana wa Mwanza hivi: baki kruza. Kama ni lazima uongeze, ongeza kilo moja, kisha tafuta mtu wa kilo 105, mkumbatiane raundi tatu bila kupigana, yeye akuegemee anavyotaka. Ukitoka hapo na pumzi yako, ongeza nyingine. Usipotoka nayo, irudishe. Usimsikilize promota katika jambo hili, kwa sababu shingo itakayoegemewa si yake. Usiwasikilize hata mashabiki. Mizani ya uzito wa juu haina kikomo cha juu, na kwa hiyo haimkingi mtu. Anayeipanda kwa kilo za kuazima atazilipa ulingoni, mbele ya watu.

Jana usiku amenijibu. Ananishukuru sana, anasema amenielewa vizuri, amefika kilo 91 na nusu, na anauliza kama maziwa mgando ni bora kuliko maziwa fresh.